Sungura wa Kizazi cha Pili

Shule ya Masista, Bukoba
16 Mei 1954

Kwa Tata yangu mpendwa, Rutashobya, Kishanda,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima na ninasoma. Nadhani Katekista Kagaruki anakusomea barua hii uani baada ya sala ya Jumapili, majirani wamekaa, na kibuyu cha pombe ya rubisi kiko katikati yenu. Katekista, nawe nakusalimu. Tafadhali soma polepole, maana leo nimeleta habari ya elimu.

Tata, unakumbuka nilikuambia kwamba Sista Benedikta alimpata sungura dume mkubwa kwa Bwana Burhani wa Bilele? Bwana Burhani aliletewa kutoka Nairobi. Siku ya kumkabidhi alisema, "Sista, huyu si sungura, ni mbuzi aliyekosa pembe." Kwenye mizani ya jikoni anafika ratili kumi na moja. Majike wetu wa kienyeji ni wadogo, hata ratili nne hawafiki vizuri. Tulipowaweka pamoja, wasichana wa Darasa la Saba walibishana sana. Wengine walisema watoto watakuwa wakubwa kama baba, wengine wakasema watakuwa wadogo kama mama. Mimi nilingoja mizani.

Sasa watoto wale wamekuwa watu wazima, nao wote wako katikati. Hakuna aliyemfikia baba, hakuna aliyebaki chini pamoja na mama. Ukiwapanga kwenye nyasi wanafanana kama matofali. Sista alinipa sifa mbele ya darasa kwa jinsi nilivyowapima.

Sista alizungumza habari za sungura tu. Lakini mimi nimefikiri mwenyewe, nikaona kwamba kanuni hii ni ya watu pia. Tazama, Tata: wewe ni mrefu, kanisani kichwa chako kinaonekana juu ya vichwa vyote. Mawe naye, mama yangu, ni mrefu, hukata mkungu wa ndizi bila kupanda juu ya kitu. Ndiyo sababu mimi huku naitwa Mnara. Sikuwa na namna nyingine ya kuwa! Mtoto hukaa katikati ya baba na mama, hawezi kutoka nje ya hapo.

Likizo ya katikati ya mwaka sitakuja. Nimechaguliwa kubaki kutunza sungura, nami naona ni heshima.

Nisalimie Mawe, ndugu yangu Datius na ndama.

Ni mimi binti yako,
Immakulata



Kishanda
13 Juni 1954

Mwanangu Immakulata,

Barua yako imefika na imesomwa. Watu walikuwa wengi.

Sisi ni wazima. Kahawa inaiva. Mama yako yupo.

Nina swali moja la sungura. Nijibu kwa kifupi, wala usilipeleke kwa Sista. Dume mkubwa na jike mkubwa wakiwekwa pamoja, wanaweza kuzaa mtoto mdogo sana? Kama wanaweza, niambie wanaweza. Kama hawawezi, niambie hawawezi.

Mimi baba yako,
Rutashobya

Nami Kagaruki, katekista, niliyeandika maneno hayo kama nilivyoambiwa, naongeza haya kwa akili yangu mwenyewe: mwanangu, fikiri kabla ya kujibu. Sungura ni sungura.



Shule ya Masista, Bukoba
20 Juni 1954

Kwa Tata yangu mpendwa,

Siwezi kukuelezea furaha yangu. Sijawahi kusikia baba wa msichana yeyote hapa akiuliza swali la elimu. Niliwaonyesha wenzangu barua yako, wakaionea wivu.

Katekista ameniambia nifikiri kabla ya kujibu, nami nimefikiri. Jibu ni hili, Tata: hawawezi. Kanuni ni ileile niliyoandika. Wakubwa wawili watazaa wakubwa, na wa katikati wawili watazaa wa katikati. Mdogo hana mahali pa kutokea.

Ukimwona mdogo hapo, ujue kuna dume mwingine aliyeingia bandani. Hata sisi yametupata mwezi uliopita. Tulimweka jike wa katikati pamoja na dume wa katikati, na walipozaa, vitoto viwili vilikuwa vidogo kabisa, mfano wa bibi yao wa kienyeji. Sista alikuwa safarini. Sisi wasichana wa zamu tulielewa mara moja, na mimi ndiye niliyesema, "Hapa mgeni amepita." Zamu ya kufunga ilikuwa ya Adventina. Alilia akaapa kwamba alitia komeo kwa mkono wake. Hatukumsadiki, maana ushahidi ulikuwa pale kwenye nyasi unatembea. Tukampa adhabu ya kufagia banda mpaka mwisho wa muhula.

Je, Tata, unataka kuanza kufuga? Ukifuga, jenga banda lenye komeo zuri, na ulifunge wewe mwenyewe.

Mawe hakuniletea salamu safari hii. Mwambie nimezikosa.

Ni mimi binti yako,
Immakulata



Nshamba
18 Julai 1954

Immakulata mwanangu,

Naandika kwa mkono wangu. Masista walinifundisha kusoma na kuandika kabla ya ubatizo, na baba yako anajua, lakini barua za nyumba yetu husomwa na katekista kwa sababu wageni hupenda sauti yake. Herufi zangu zinatambaa. Soma polepole.

Niko kwetu Nshamba, kwa kaka yangu Karugendo. Sikuja kusalimia. Nimenoba. Wewe ni msichana mkubwa, unajua maana yake: nimefunga nguo zangu na kumwacha mume.

Barua yako ya kwanza iliposomwa, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi. Niliposikia umenitaja kwamba ni mrefu, nilinyoosha shingo peke yangu, nikafurahi. Kisha Kaijage, jirani yetu, akauliza, "Na Datius je? Huyu kasalimiwa pamoja na ndama, kwenye kanuni hayumo." Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Labda kanuni ilikuwa imelala siku hiyo." Baba yako naye alicheka kidogo, kisha akaacha.

Ndugu yako ana miaka sita na bado hafiki mabegani mwa watoto wenzake. Tulikuwa tumezoea. Nilikuwa namwita kidole changu. Tangu siku ile baba yako akawa anamtazama mtoto akila, kama mtu anayemtazama mbuzi wa kununua. Mimi hakuniuliza. Akakuuliza wewe.

Barua yako ya pili ilipofika, Kagaruki aliisoma kimoyomoyo kwanza, akasema macho yake yanauma leo. Baba yako akamwambia, "Soma. Binti yangu hakusomeshwa ili anyamaziwe." Basi akasoma. Yote. Komeo, na mgeni, na kufunga mlango. Safari hii hakuna aliyecheka. Kaijage aliaga mapema.

Baba yako aliingia ndani akaniambia, "Umesikia mwanao anavyosema." Nikamwambia, "Sema wewe mwenyewe, usiseme kwa mdomo wa mwanao." Akarudia tu, "Mgeni amepita." Nikamchukua Datius nikatoka. Njiani mtoto aliniuliza mgeni huyo ni nani, na kama alikula chakula kwetu.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo. Ulikuwa unataka kuwaonyesha watu akili yako, na katika kuonyesha ukamsahau ndugu yako.

Usije. Ukija sasa watasema umekuja kuthibitisha. Soma.

Mama yako,
Felicitas



Shule ya Masista, Bukoba
1 Agosti 1954

Mawe wangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara nikaichana, kwa sababu ilikuwa inaanza na maneno mazuri. Sina maneno mazuri.

Nilimwomba Sista Benedikta aniondoe kwenye zamu ya sungura. Aliniuliza sababu, nami nikamweleza yote, nikiwa nimetazama viatu vyake. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mimi nilikufundisha habari za watu?" Nikasema hapana. "Ulizipata wapi?" Nikasema nilijiongezea. Akaniuliza, "Na umepima vizazi vingapi ndipo ukasema hawawezi?" Nikasema kimoja. Mawe, afadhali angenichapa.

Kisha alikataa kuniondoa. Alisema tutawaweka tena wa katikati kwa wa katikati, majike wengi, na ufunguo wa banda atakaa nao yeye shingoni, pamoja na msalaba wake. Mimi nilidhani ananifariji, nikamuuliza kama sungura hao watamsafisha mama yangu. Akasema, "Sungura hawawezi kumtetea mama yako. Wanaweza tu kukunyamazisha wewe."

Kuna jambo baya zaidi ambalo Sista halijui. Nataka nikuambie wewe, kwa sababu nisipokuambia nitakuwa nakuomba msamaha wa nusu. Niliposoma barua yako, kabla sijalia, nilijiuliza: Datius je, ni kweli? Nilijiuliza, Mawe. Ilikuwa pumzi moja tu, kisha nikaona ninachokifanya. Lakini kwa pumzi hiyo moja nilikuwa nimekaa uani pamoja na akina Kaijage.

Darasani sasa Sista akiuliza swali sinyanyui mkono. Wenzangu wanadhani naumwa. Jana waliniita Mnara nikaona ni jina linalonistahili, kitu kirefu kinachopiga kelele na ndani hakina kitu.

Mwambie Datius kwamba nimekosa. Sijui utamwambiaje. Mwambie hakuna mgeni.

Mwanao asiyestahili,
Immakulata



Nshamba
22 Agosti 1954

Immakulata,

Hiyo pumzi moja nimekusamehe. Baba yako aliivuta mwezi wa sita na mpaka leo hajaitoa.

Alimtuma Kagaruki hapa na kibuyu kikubwa cha rubisi, aje kunirudisha. Kaka yangu Karugendo alikuwa tayari kukifungua. Mimi nilimrudisha Kagaruki na kibuyu chake, hakikuguswa. Maskini, amekibeba kwenda na kurudi, na kilima unakijua. Nilimwambia: aliyenitamkia lile neno si katekista. Aje mwenyewe aniambie mbele ya kaka zangu kwamba alikosea. Kama haamini kwamba alikosea, asije.

Kagaruki alisema, "Mama Immakulata, anaona haya." Nikamwambia mimi naona haya kuanzia huku mpaka kisimani kila asubuhi, wanawake wa Nshamba wakinyamaza nikifika. Na ya kwangu sikuyatafuta.

Usijiite usiyestahili. Nani mwingine alikuzaa kama si mimi? Nyanyua mkono darasani. Lakini ukinyanyua, uwe unajua.

Datius ni mzima. Ana kikohozi. Mjomba wake amemchongea gari la mgomba.

Mama yako,
Felicitas



Shule ya Masista, Bukoba
24 Oktoba 1954

Kwa Tata yangu, Rutashobya,

Tumsifu Yesu Kristo. Tangu Juni sijakuandikia, nawe hujaniandikia. Najua Mawe yuko Nshamba, na najua kwa sababu gani. Barua mbili nilizoleta kwa majivuno zilisomwa mbele ya watu. Nakuomba hii nayo isomwe mbele ya watu walewale.

Tata, nilisema hawawezi. Nilisema uongo kwa sauti ya elimu.

Tuliwaweka wa katikati kwa wa katikati, banda limefungwa, ufunguo uko kwa Sista. Hakuna dume wa nje aliyeingia. Nao wamezaa, na watoto, ingawa bado ni wachanga, tumewapima na kuwalinganisha na wazazi wao walipokuwa na umri huo. Wengi wako katikati. Lakini mmoja anamfuata babu yake wa Nairobi kwa ukubwa, masikio yanaburuta. Na wengine ni wadogo, wadogo kabisa, kama bibi yao wa kienyeji, wakati baba na mama yao wote wawili waliwazidi katika umri huo. Udogo wa bibi haukupotea. Ulikuwa umejificha ndani ya wale wa katikati, ukasubiri kizazi cha pili.

Sista alitueleza kwa maharage. Ukubwa wa mwili si kitu kimoja anachokipokea mtoto, ni vitu vidogo vingi, kama maharage kwenye kikapu. Dume mkubwa ana maharage mekundu matupu, jike mdogo ana meupe matupu. Kila mzazi hufumba macho na kumpa mtoto konzi moja ya maharage yake. Kwa hiyo watoto wa kwanza wote wana nusu mekundu na nusu meupe, ndiyo maana walifanana. Lakini hao nao wakija kuchota, kikapu kimechanganyika. Mtoto mmoja hupata konzi yenye mekundu mengi, mwingine meupe mengi. Hata watu wawili warefu wanaweza kuwa na maharage meupe machache ndani, na kama kila mmoja akichota hayohayo, mtoto atakuwa mdogo. Hakuna mgeni. Ni konzi tu, na imetoka kwa wote wawili. Sista alisema pia kwamba ugonjwa wa utotoni hupunguza mwili, nami nakumbuka Datius alivyougua surua akiwa bado ananyonya.

Ameniamuru niandike na hili, lisije likawa kosa la tatu: sungura hawawezi kusema lolote juu ya Datius. Wanaonyesha tu kwamba mimi sikuwa na haki ya kusema niliyoyasema.

Vile vitoto viwili vya mwezi wa tano, ambavyo nilisema mgeni amepita, vilikuwa vya kizazi cha pili pia. Adventina alikuwa amefunga komeo kama alivyoapa. Nilimwomba radhi bwenini mbele ya wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa ufagio, akasema, "Sasa fagia wewe." Nafagia mpaka leo.

Nina swali, Tata, na safari hii ni swali la kweli, jibu silijui. Je, katika ukoo wetu kuna mtu aliyekuwa mdogo? Bibi mzaa Mawe nilimwona, alikuwa wa kawaida. Mama yako wewe sikuwahi kumwona. Wala sijawahi kusikia jina lake.

Nakuomba umrudishe Mawe. Siombi kwa elimu. Naomba tu.

Binti yako,
Immakulata



Kishanda
8 Novemba 1954

Mwanangu Immakulata,

Nakuandikia mimi Kagaruki, bila kutumwa, na baba yako asijue.

Barua yako ilifika Ijumaa. Sikungoja Jumapili. Nilimfuata baba yako kwenye kahawa nikamsomea tuko wawili, maana safari mbili nilisoma kwa sauti kisha nikajuta, na barua ile ya Juni nilipaswa kuitia motoni niseme imelowa. Hilo ni langu, si lako.

Alisikiliza akiendelea kuchuma. Habari ya sungura aliisikia, ya maharage akacheka puani. Nilipofika kwenye swali la mama yake aliacha kuchuma. Akasema, "Soma hapo tena." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Kisha akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akaitia kifuani mwake, naye hajui kusoma hata herufi.

Nilimwambia, "Ya kwanza na ya pili uliita watu. Hii nayo tuiitie watu." Akanijibu, "Kagaruki, nenda kwako."

Jumapili hakuja kanisani. Kaijage alikaa uani kwenu akisubiri rubisi, akaondoka koo kavu. Leo asubuhi nimepita pale, mlango umefungwa, na mke wa Kaijage anasema alimwona baba yako alfajiri akishika njia ya Nshamba, peke yake, amevaa koti la kanisani. Hakuwa na kibuyu.

Sijui anakwenda kusema nini. Tuombe.

Kagaruki



Kishanda
5 Desemba 1954

Immakulata mwanangu,

Utaona juu kwamba naandika kutoka Kishanda. Usirukeruke. Soma yote.

Baba yako alifika Nshamba tukiwa tunakula. Unajua desturi: mume anakuja na msemaji na rubisi, wanaume wanazungukazunguka maneno mpaka jioni, na mke anaambiwa mwishoni. Karugendo akamuuliza, "Shemeji, umekuja na nani wa kukusemea?" Akasema, "Na mdomo wangu." "Na kibuyu?" Akasema, "Nimekiacha. Ningekuja nacho mngekunywa kabla ya kunisikia, na mkishakunywa mtanihurumia." Kaka yangu mdogo alicheka, Karugendo akamkata jicho.

Akakaa chini kwenye nyasi, hakutaka kiti. Akasema mama yake alikuwa mtu wa kisiwani, Bumbire, binti wa wavuvi. Babu yako alikwenda huko kutafuta samaki akamwoa huko. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo. Alisema mama huyo akisimama kando ya mtumbwi uliovutwa pwani, mtu wa upande wa pili aliona kilemba tu. Babu yako alikuwa mrefu kupita kiasi, na watu waliwacheka wakitembea pamoja. Mama huyo alikufa baba yako akiwa mtoto, babu akarudi naye Kishanda. Hapa akasikia jinsi watu wanavyowasema watu wa visiwani, kwamba wananuka samaki, kwamba hawajui kulima mgomba. Akaona ni afadhali asiwe na mama. Mtu akimuuliza alikuwa akisema alikufa zamani, basi.

Kisha akasema, na haya nakuandikia kama alivyoyasema: "Datius alipozaliwa nilimwona mama yangu usoni mwake. Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini watu walipocheka, niliona ni rahisi zaidi aibu iwe yako kuliko iwe yangu."

Labda unadhani nililia. Sikulia. Nilikasirika upya kuliko mwanzo, kwa sababu mwanzo nilidhani ananishuku, na kumbe hakunishuku hata siku moja. Miezi yote hii nachota maji na wanawake hawanisemeshi, naye alikuwa anajua.

Nikamuuliza jina la mama yake. Miaka yote hii nimewaombea marehemu wa nyumba yake, na huyu sikujua nimwiteje. Akasema, Kokugonza. Alilitamka kwa shida, kama mtu anayejaribu mlango uliokaa bila kufunguliwa.

Siku hiyo sikurudi naye. Nilimwambia atangulie, ayaseme uani kwetu kama alivyoyasema hapa, ndipo nitakuja. Karugendo aliona namzidishia. Nikamwambia Karugendo wewe ulitaka kufungua kibuyu, nyamaza.

Jumapili ile akaita watu. Kagaruki ananiambia aliisoma barua yako ya sungura yote, na baba yako alisimama mwenyewe akasema ya Bumbire. Mwingine alitaka kutia mzaha, kwamba basi kahawa ya Rutashobya itanuka samaki. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Kaijage alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

Kwa hiyo nimerudi. Nimeikuta nyumba chafu na kuku wamepungua. Senene walianguka kwa wingi mwezi uliopita, na mwaka huu sikumkamatia baba yako hata mmoja, ingawa ni kazi ya mke. Alikula wa kupewa na majirani. Bado ninalala na Datius chumba cha nyuma. Baba yako haulizi mpaka lini, nami sijui mpaka lini. Jioni humsimulia mtoto habari za Bumbire, namna ya kuvuta wavu na majina ya samaki. Sasa Datius anataka apelekwe akaone mahali wanakotoka watu wadogo. Anadhani ni nchi nzima.

Barua zako kuanzia leo andika majina yetu wote wawili juu. Zikifika nitazisoma mimi, ndani kwanza. Za kusomwa uani nitachagua.

Sista amemwandikia padre wetu kwamba anataka kukupeleka mbele, ukasomee ualimu. Baba yako amekubali. Mimi nimekubali pia, lakini nilikaa siku nzima kabla sijasema. Utakuwa unasimama mbele ya watoto wa watu, nao watayasadiki unayoyasema kwa sababu ni wewe umeyasema. Wewe unajua sasa jinsi hilo lilivyo. Wengine hawajui.

Likizo inakaribia. Najua unaogopa kuja. Unawaza utaingiaje uani, utawatazamaje. Nitakuambia utakavyofanya. Ukishuka kwenye basi, kabla ya kuja kwetu, pita kwa Kaijage. Piga magoti umsalimie, yeye na mkewe, waulize habari za kahawa. Ataanza kuona haya kabla yako. Mwache. Usimweleze habari za sungura, wala maharage, wala mama Kokugonza. Msalimie tu, kisha uje nyumbani.

Mama yako,
Felicitas